Likasi: Diploma ya biashara iko mkononi, lakini kinachoombwa ni jina na sahihi

Jimboni Haut-Katanga, mjini Likasi, kila baada ya sherehe ya kutoa diploma wazazi wanaulizana swali lile lile: watoto wenye kumaliza masomo ya biashara, uchumi na hesabu za kampuni wanaenda wapi? Ukipita Kikula, Panda ao katikati ya mji utawakuta. Mmoja yuko ndani ya kibanda cha M-Pesa, mwingine anafundisha, mwingine ameshika njia ya Kolwezi. Na kuko wengine ambao habari yao haisemwi kwa sauti. Hao wamekuwa wakurugenzi wa kampuni wakiwa hawajatimiza hata miaka 30, lakini hawana ufunguo wa ofisi wala hawajui kilichomo kwenye akaunti ya benki. Walikopesha jina.

Ili kuelewa namna jambo hilo lilivyoanza, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Likasi ni mji uliozaliwa na madini. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, mtu aliyejua kushika vitabu vya hesabu alikuwa na njia iliyonyooka: ofisi Shituru ao Panda, nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto na poso. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476.000 za shaba. Kisha ukaja mporomoko wa miaka ya 1990. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosimamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hiari hiyo, kila familia ya Likasi inajua ilikuwa ya namna gani. Vijana wengi wanaomaliza chuo leo ni watoto wa watu hao, na walisomeshwa kwa pesa ya shamba, ya soko na ya mama kuuza unga.

Sasa linganisha. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, yaani zaidi ya mara sita ya ile ya Gécamines katika mwaka wake mzuri. Shaba imerudi, tena kwa wingi kuliko zamani. Ofisi hazikurudi.

Sababu si ngumu kuona. Gécamines ilifanya kila kitu yenyewe: ilipika, ilisafirisha, ilijenga, ilitibu, ilifundisha, ilihesabu. Kampuni za leo zinachimba na kuyeyusha, na kazi zingine zinawapa watu wa nje: chakula cha wafanyakazi, usafi, ulinzi, magari, nguo za kazi, ukarabati, hata kutafuta wafanyakazi wenyewe. Vitabu vikubwa vya hesabu vinafungwa Lubumbashi ao mbali zaidi. Zaidi ya hayo, tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, sehemu kubwa ya migodi mikubwa imebaki Lualaba, na Likasi imekuwa mji wa kupitia kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Kwa hiyo kazi ya mezani ambayo kijana wa biashara anaitafuta imehamia kwa wale wanaopewa kazi za nje, zile ambazo kila mtu hapa anaziita sous-traitance, na ambazo katika makala hii tutaziita kandarasi ndogo.

Hapo ndipo sheria iliingia. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kandarasi ndogo katika sekta binafsi ni ya kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, zilizoanzishwa na Wakongomani, na zenye makao hapa nchini. Kampuni kubwa haiwezi kutoa nje zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya kazi yake. Soko linalozidi franka milioni 100 linapaswa kutangazwa ili watu washindane. Na aliyepewa kazi anapaswa kulipwa kwanza asilimia 30 kabla ya kuanza. Mamlaka ya kusimamia mambo hayo, ARSP, iliundwa mwaka 2018, na mkurugenzi wake Miguel Kashal amezungumza mara nyingi hadharani juu ya kuwatengenezea Wakongomani tabaka la kati na matajiri wao wenyewe.

Kwa kusoma tu, sheria hii iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyesoma biashara. Nani mwingine anajua kuandaa bei ya soko, kutayarisha hesabu kwa mfumo wa OHADA ambao Kongo iliingia mwaka 2012, kutofautisha faida na pesa iliyomo kwenye sanduku? Lakini kati ya kusoma na kupata soko kuna kitu kimoja ambacho chuo hakitoi, nacho ni mtaji.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana anapata kazi ya usafi katika kiwanda, ya dola 50.000 kwa miezi mitano. Akipewa ile asilimia 30 kama sheria inavyotaka, anaanza na dola 15.000. Ananunua vifaa na nguo za kazi, anakodi gari, anaajiri watu 20. Akiwalipa kila mmoja dola 200 kwa mwezi, ni dola 4.000 kila mwezi. Juu yake kuna CNSS, asilimia 13 ya mshahara kwa mwajiri, na asilimia 5 anayomkata mfanyakazi. Kuna INPP, asilimia 3 kwa kampuni ndogo. Kama pesa ya kwanza imetoka kweli, na bili ya mwezi wa kwanza imelipwa ndani ya siku 30, anapumua. Bili ikikaa siku 90, mwezi wa tatu sanduku liko tupu na watu 20 wako mlangoni. Kama ile asilimia 30 haikutoka, hakuanza kabisa. Benki nayo inaomba hati ya nyumba kama dhamana, na nyumba ya mzazi ni ile ya kambi, mara nyingi yenye karatasi zisizokamilika. Mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kusaidia kampuni ndogo, PADMPME, ulianza katika miji minne: Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Likasi haikuwemo.

Basi anakuja mtu mwenye pesa. Anaweza kuwa mgeni ambaye sheria inamfungia mlango, ao Mkongomani mkubwa ambaye hataki jina lake lionekane. Ana magari, ana pesa, ana namba ya simu ya mtu wa ndani ya kampuni kubwa. Anachokosa ni mwananchi msafi mwenye diploma, asiye na deni, anayejua kujaza karatasi. Kijana anaandikwa kuwa na asilimia 51 ya mtaji ambao hakutoa hata franka moja. Anakuwa meneja wa kampuni kwenye karatasi, ile kazi ya « gérant ». Mwisho wa mwezi anapewa bahasha, labda ya dola mia tatu ao mia tano, na anaambiwa asihangaike na mengine.

Watu wengi mjini wanaliona jambo hili kama ujanja wa kawaida, kifungu cha 15, kila mtu ajitafutie. Wengine wanasema ni heri kijana apate hiyo bahasha kuliko kukaa bure kwa wazazi. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Mtu mwenye njaa haulizi sahani ni ya nani. Lakini ni biashara mbaya, na mtu aliyesoma biashara ndiye anayepaswa kuiona kabla ya wengine.

Mbele ya sheria ya OHADA, meneja si pambo. Yeye ndiye anayewajibika kwa makosa ya usimamizi, kwa kuvunja sheria zinazoongoza kampuni, na kwa kuvunja katiba ya kampuni yenyewe. Mali ya kampuni ikitumiwa kwa faida ya mtu mwingine, hilo ni kosa la jinai, na sahihi iliyoko kwenye hundi ni yake. DGI ikidai TVA ya asilimia 16 iliyokatwa kwa mteja na haikufikishwa serikalini, barua inakuja na jina lake. CNSS ikikuta watu 20 wamefanya kazi mwaka mzima bila kuandikwa, mkaguzi anauliza meneja ni nani. Mwenye pesa hayumo kwenye karatasi hata moja, na ndiyo maana alitafuta jina la mwingine. Akifunga safari kesho, anaondoka na magari yake. Kijana anabaki na kampuni.

Kwa mji, hasara ni nyingine. Sheria ya 2017 ilitaka faida ibaki hapa, inunue hapa, ijenge hapa. Faida ikienda kwa mwenye pesa aliyejificha, Likasi inabaki na mishahara ya wafagiaji na bahasha ya kijana mmoja. Kwenye takwimu kampuni ile inahesabiwa kuwa ya Kikongomani, na wakubwa wanaweza kusema sheria inatumika vizuri. Pengine hilo ndilo baya zaidi. Kila jina la kukopesha linaharibu nafasi ya kijana mwingine ambaye amekusanya dola 3.000 za kweli na rafiki zake wawili, na anashindania soko lile lile.

Si wote wanapita njia hiyo, na wengi hawataipita. Kuko wanaoingia katika huduma za kodi, DGI ao DRHKAT ya jimbo, mara nyingi wakianza kama wasaidizi wasio na namba ya kazi. Kuko wanaofundisha hesabu katika sekondari, sehemu ya biashara na usimamizi, wakisubiri miaka kuingizwa katika orodha ya mshahara wa serikali, wale tunaowaita « nouvelles unités ». Kuko akina dada wanaokwenda Kasumbalesa kuleta bidhaa, na kusema kweli hao mara nyingi wanashika hesabu vizuri kuliko kampuni nyingi zenye bango barabarani. Waliokwenda Fungurume na Kolwezi wanarudi mwisho wa wiki, wakipata basi.

Tena kuko fujo ya karatasi zenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD umeanza kuchukua nafasi ya ule wa zamani. Zamani mtu alifanya miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya licence. Sasa licence ni miaka mitatu, na master ndiyo inafuata. Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kufika mbele ya mwajiri mmoja, wote wana karatasi iliyoandikwa licence, mmoja amesoma miaka mitano, mwingine mitatu. Mwajiri asiyeelewa anamlipa wa miaka mitano kama wa miaka mitatu. Hajawahi kukosea upande wa pili.

Kuna mlango mmoja ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni taaluma ya hesabu yenyewe. Sheria ya mwaka 2015 iliunda ONEC, chama cha kitaifa cha wataalamu wa hesabu. Kampuni inapaswa kuwa na hesabu za mwaka zilizotengenezwa kwa mfumo wa SYSCOHADA, uliofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Maduka ya vyuma, waoka mikate, shule binafsi, zahanati, wasafirishaji, wote hao wana haja ya mtu wa kushika vitabu, na wengi wanapigwa faini na wakaguzi kwa sababu hawana vitabu kabisa. Vijana watatu wenye kompyuta moja na wateja kumi wanaolipa kidogo kidogo kila mwezi hawatatajirika haraka, lakini wanamiliki kazi yao. Kizuizi ni staji ndefu ya kuingia katika taaluma, na ofisi kubwa za kufanyia staji hiyo ziko zaidi Lubumbashi na Kinshasa. Hapo Chuo Kikuu cha Likasi na taasisi zingine za mji zingeweza kusukuma jambo, kama zingetaka.

Na serikali? ARSP ina uwezo wa kukagua. Lakini kukagua karatasi ya mtaji hakutoshi, maana karatasi ndiyo iliyotengenezwa ili ionekane nzuri. Swali la kuuliza ni rahisi: nani anatia sahihi benki, pesa ya faida ilikwenda kwenye akaunti gani, magari yaliandikwa kwa jina la nani? Mkaguzi anayeuliza mambo hayo matatu hahitaji siku nzima. Upande wa pili, kampuni kubwa zinazochelewesha ile asilimia 30 zinapaswa kuguswa pia. Bila pesa ya kuanzia, kijana mwenye mradi wa kweli anarudi kwa mwenye pesa aliyejificha, na mzunguko unaanza tena.

Jambo hili lina haraka. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje. Mgawo ukaanza tarehe 16 Oktoba mwaka huo, na kwa mwaka 2026 umepangwa kuwa tani 96.600 kwa nchi nzima. Kampuni inayouza kidogo inapunguza matumizi, na kandarasi za nje ni kati ya vitu vya kwanza kukatwa. Kampuni za jina la kukopesha zikifungwa katika hali hiyo, madeni ya kodi na ya CNSS hayafungwi nazo.

Kwa yule ambaye amekwisha kutia sahihi na anataka kutoka, barua ya kujiuzulu aliyompelekea bosi wake wa siri haitoshi. Kubadilisha meneja kunaamuliwa na washirika katika kikao chenye maandishi, kisha kunaandikwa katika daftari la biashara, RCCM. Mpaka hapo, kwa DGI, kwa CNSS na kwa mahakama, mkuu wa kampuni bado ni yeye. Na kama jina lake limo pia kati ya washirika, zile sehemu za mtaji nazo zinapaswa kuhamishwa kwa maandishi, kwa mtu mwenye jina.