Barua ya Wazi kwa Spika na Wabunge wa Burundi: Viti Vimegawanywa, Madaraka Bado

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Taifa, na kwa Waheshimiwa Wabunge wote wa Inama Nshingamateka, Kigobe, Bujumbura.

Mheshimiwa Spika,

Naomba ruhusa ya kukuandikia hadharani badala ya kuitia barua hii katika bahasha, kwa kuwa jambo ninalolileta si haja yangu ya nafsi, wala si malalamiko ya mtaa wangu wa Buyenzi peke yake, bali ni amana ya watu wote wa nchi hii, nayo amana ya watu wote haifai kunong'onezwa.

Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 viti vyote 100 vilivyopigiwa kura viliangukia chama kimoja. Sikuandika ili kuijadili hesabu ile. Wako waliokwisha kuijadili, nami nawaachia. Ninalouliza ni hili: ikiwa Rais wa Jamhuri, na Waziri Mkuu, na wabunge wote waliochaguliwa ni watu wa chama kimoja, na ikiwa majaji nao huteuliwa kwa amri ya Rais huyohuyo, ni nani katika mihimili mitatu ya dola atakayemwambia mwenzake kwamba hapo amevuka mpaka? Jibu langu, na ndiyo sababu ya waraka huu, ni kwamba mtu huyo ni nyinyi, wala hamna mwingine wa kumsukumia kazi hiyo.

Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 haikukosa Katiba nzuri. Ile iliyotangazwa tarehe 16 Oktoba mwaka huo ilifuata kwa sehemu kubwa Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831, ikaweka Mwami, yaani mfalme, juu, na mabaraza mawili ya kutunga sheria, na mawaziri wenye kuwajibika kwa mabaraza hayo, na mahakama zenye uhuru wake; na mwenye kuisoma leo atadhani kwamba haikupungukiwa na kitu. Wabelgiji walituachia maandishi, lakini mazoea hawakutuachia, maana katika miaka yote waliyotutawala hatukupata kuona hata siku moja baraza la wananchi likimwita gavana mbele yake na kumtaka ajieleze. Mfalme wao alikwisha kujifunza, kwa muda wa zaidi ya karne, kukaa juu ya kiti bila ya kuendesha serikali. Mwami Mwambutsa alikirithi kiti cha mababa waliokuwa wakiiendesha wenyewe. Kwa hiyo baada ya uchaguzi wa Mei 1965, wabunge walipotaraji kwamba wingi wao ndio utakaotoa Waziri Mkuu, Mwami alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu wa ikulu yake, na yale maandishi mazuri hayakuwa na mtu wa kuyatetea.

Yaliyofuata unayajua, lakini vijana wanaoingia Kigobe leo huenda hawakuambiwa yote. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, walionyongewa haki katika kesi za haraka na kuuawa hawakuwa askari tu: alikuwamo Emile Bucumi, Spika wa Bunge, alikuwamo Paul Mirerekano, makamu wake, na mwezi Desemba akafuata Joseph Bamina, Spika wa Seneti, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Bunge halikuvunjwa kwa kura wala kwa hukumu. Lilifyekwa viongozi wake. Mwaka 1966 ufalme ukaanguka, Kapteni Micombero akatangaza Jamhuri tarehe 28 Novemba, na wananchi hawakuitwa tena kuchagua wabunge mpaka mwaka 1982.

Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo, Mheshimiwa Spika, kwa kuwa watu wengi huichukulia habari ya mgawanyo wa madaraka kuwa ni elimu ya wanasheria, isiyomhusu mkulima wa Kayanza wala mvuvi wa Rumonge. Mwaka 1972, walimu walipokuwa wakitolewa madarasani na makarani wakitolewa ofisini, wakapakiwa katika malori na wasirudi, nchi nzima haikuwa na jumba hata moja ambamo mtu aliyechaguliwa na wenzake angeweza kusimama, akalindwa na kinga ya kiti chake, akauliza: malori haya yanakwenda wapi? Simaanishi kwamba swali lingetosha kuyasimamisha. Nasema kwamba mahali pa kuliulizia hapakuwapo, na kwamba palikuwa pameondolewa miaka saba kabla, watu wakiona kuwa ni jambo la wanasiasa.

Katiba ya tarehe 13 Machi 1992 ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba Rais akikosekana, Spika wa Bunge ndiye atakayeshika nafasi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993 wauaji wa Rais Melchior Ndadaye hawakuridhika na Rais. Walimuua pia Spika Pontien Karibwami na makamu wake Gilles Bimazubute, kana kwamba walikuwa wamekisoma kifungu kile neno kwa neno, wakajua kwamba urithi halali wa dola upo kwenye kiti hicho unachokalia wewe. Na alipofariki Rais Nkurunziza tarehe 8 Juni 2020, Mahakama ya Katiba iliamua siku nne baadaye kwamba hakuna haja ya Spika kushika nafasi, bali Rais aliyekwisha kuchaguliwa mwezi Mei aapishwe upesi. Nchi ilivuka salama, nami namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo; lakini natamani siku moja tuvuke salama kwa kukifuata kifungu, si kwa kukipita pembeni.

Waliokutana Arusha kutafuta amani ya nchi yetu, kwanza mbele ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kufariki kwake Oktoba 1999 mbele ya Mzee Mandela, walikuwa wameyaona hayo yote, au mengi yake. Mapatano ya tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005 iliyotokana nayo, yaliwapa Wahutu na Watutsi viti kwa kipimo maalumu: 60 kwa 40 katika Bunge na Serikali, nusu kwa nusu katika Seneti, jeshini na polisi kundi lolote lisizidi nusu, Watwa wakatengewa nafasi zao, na wanawake wasipungue 30 katika mia. Aghalabu watu huishia hapo, wakasema Arusha ni kuhesabu vichwa. Siri yake ilikuwa katika kifungu kingine kisichosemwa sana, kilichotaka sheria isipite Bungeni ila kwa theluthi mbili. Piga hesabu mwenyewe: 60 katika mia haifiki theluthi mbili, inapungukiwa na sita na kitu. Maana yake ni kwamba hata kundi kubwa lote lingesimama pamoja, mtu asibaki, lisingeweza kutunga sheria bila ya kumgeukia jirani yake na kumuuliza rai yake. Huko ndiko hasa Bunge lilikopewa nguvu, kwa kuwa Serikali yenye kutaka sheria ilibidi ije kuwasemesha watu.

Na nguvu hiyo ilionekana siku moja ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa siku tukufu za historia yetu. Tarehe 21 Machi 2014 Serikali ilileta Kigobe mswada wa kuibadilisha Katiba. Ilihitaji kura 85 katika wabunge 106, yaani sehemu nne kwa tano, ikapata 84. Kura moja ilipungua, mswada ukaanguka, na hakuna aliyetoka mle ndani amejeruhiwa. Mwaka uliofuata shauri la kama Rais Nkurunziza anaweza kugombea muhula mwingine halikurudi Bungeni, bali lilipelekwa kwa majaji saba wa Mahakama ya Katiba; makamu wa rais wa Mahakama hiyo akakimbilia ng'ambo ya mpaka, akisema kwamba majaji walitishwa; hukumu ikatolewa mwanzoni mwa Mei 2015; na maelfu kwa maelfu ya jamaa zetu wakaelekea kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Mahama na kwingineko. Novemba 2021, kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kilitamka kwamba muhula ule ulikwenda kinyume na Mapatano ya Arusha. Insafu ilikuja, lakini ilikuja miaka sita baadaye na kutoka mji wa mbali. Waheshimiwa, tazameni tofauti: pale Bunge lilipokataa, watu walilala majumbani mwao.

Katiba ya sasa, iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018, iliuacha mgawo wa viti, ikaueneza hata mahakamani; lakini theluthi mbili ikaiondoa katika sheria za kawaida, na muhula wa Rais ukawa miaka 7. Tumebaki kama muuza ndagala anayezipima kwa uangalifu mkubwa, asimzidishie huyu wala kumpunja yule, ilhali mizani yenyewe imeshikwa na mkono wa mtu mmoja. Kadhalika Baraza Kuu la Mahakimu, ambalo ndilo la kuwalinda mahakimu wasibughudhiwe, mwenyekiti wake kwa Katiba ni Rais wa Jamhuri, na msaidizi wake ni Waziri wa Sheria. Sina shaka na nia ya mtu yeyote. Lakini hakimu wa Ngozi au wa Muyinga anayetaka kuihukumu Serikali huku akijua kwamba anayeketi juu ya kazi yake ni Serikali hiyohiyo, huyo tumemtwisha ushujaa usio wa kudaiwa kwa mtumishi wa mshahara.

Mtasema: tutaihoji vipi Serikali ya chama chetu wenyewe? Naomba mtazame ng'ambo ya ziwa. Februari 2008, katika Bunge la Tanzania lililojaa wabunge wa CCM, kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, wa CCM, ilisoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond mbele ya Spika Samuel Sitta, naye wa CCM. Na kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa, wa chama hichohicho, akajiuzulu. Dola haikutikisika, na mwaka 2010 chama kile kilishinda uchaguzi tena. Na mkitaka mfano wa upande wa pili, litazameni Bunge la Kenya la mwaka 1988, la chama kimoja, lililowaondolea majaji ulinzi wa vyeo vyao, kisha mwaka 1990 likalazimika kuurudisha. Wabunge wa pande zote mbili hawakuwa na wapinzani wenye nguvu. Waliotofautiana ni wao wenyewe na jinsi walivyokiheshimu kiti.

Basi haja zangu ni mbili, nazo zote zimo ndani ya uwezo mliopewa na Katiba, isiyowanyima haki ya kuunda kamati ya kuchunguza kazi za Serikali. Ya kwanza ni mafuta. Miaka kadhaa sasa wakazi wa mji huu tunayaona magari yamelala foleni mbele ya vituo vikavu, dereva amelala garini na shuka lake. Na jioni barabara za kwenda Kamenge, Kinama na Kanyosha hujaa watembea kwa miguu, mama ana mtoto mgongoni na viatu mkononi, apate kuvivaa tena kesho kazini. Mawaziri wameulizwa maswali, nao wamejibu, na foleni haikufupika. Undeni kamati yenye haki ya kuona mikataba na hesabu za fedha za kigeni, iwahoji wahusika hadharani, na taarifa yake isomwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, tupate kuielewa sisi tuliotembea.

Ya pili ni mahakimu. Wingi wa Bunge unaweza wenyewe kuanzisha marekebisho ya Katiba, na nyinyi mna kura za kuyapitisha bila ya kumbembeleza mtu, jambo ambalo Bunge lililokuja baada ya Arusha halikupata kuwa nalo. Wingi huo mnaweza kuutumia kumtoa Rais na Waziri katika uongozi wa Baraza Kuu la Mahakimu, na kiti hicho wakakipata mahakimu waliochaguliwa na wenzao. Chama chenye nguvu kamili kikijipunguzia nguvu kwa hiari yake, hakuna atakayesema kwamba kimelazimishwa.

Mheshimiwa Spika, kikao chenu kijacho kitakapofunguliwa, naomba kamati ya mafuta iwe katika orodha ya shughuli za siku ya kwanza, na milango ya jumba la Kigobe iachwe wazi ili tuje kusikiliza.

Wako katika utumishi wa nchi,

Mkazi wa Buyenzi, Bujumbura