KWA WANAOSEMA "WAACHE WAPIGANE WENYEWE"



Ndugu zangu, kila nikitaja Sudan hapa hakosi mtu wa kuandika: "Sheikh, hao ni Waislamu wanauana wenyewe kwa wenyewe, waache." Leo nakujibu wewe.

Vita hivi vilianza tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya Ramadhani, majenerali wawili wakigombea kiti. Mama aliyekimbia Khartoum na mtoto mgongoni alikuwa anagombea kiti gani? Zaidi ya watu milioni 10 wametolewa makwao. Agosti 2024 ilitangazwa kuwa kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher, imeingia kwenye baa la njaa. Mji wenyewe ulipozingirwa, watu walikula mashudu ya karanga, chakula cha mifugo. Sasa ukisema "waache", unamwacha nani hasa? Majenerali wanakula!

Mwingine anasema hiyo ni kazi ya Umoja wa Mataifa. Haya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na majiko mengi ya takaya yakazima. Takaya ni watu wa mtaa wanaopika sufuria la dengu au maharage na kugawa bure. Sufuria zipo, wapishi wapo, kilichokosekana ni pesa ya dengu. Sisi tukakaa kumlaani Trump. Mlaani ukitaka, lakini zaka hakufaradhishiwa yeye, umefaradhishiwa wewe. Soma Tawba, aya ya 60: fakiri yumo, masikini yumo, mwenye deni yumo, msafiri aliyekatikiwa njia yumo. Mkimbizi wa Darfur anaingia kwa zaidi ya mlango mmoja.

"Lakini zaka haitoki nje ya mji." Kweli, wapo wanazuoni waliozuia kuihamisha, na jirani yako mwenye njaa ana haki ya kwanza. Sibishani. Ila wapo walioruhusu pale haja inapokuwa kubwa zaidi, na Imam Bukhari ametaja kwamba Muadh, akiwa Yemen, aliwaambia watu walete nguo badala ya nafaka, kwa kuwa ni wepesi kwao na zinawafaa zaidi Maswahaba wa Madina. Yemen hadi Madina, bila M-Pesa! Na wewe mwenye hoja hii, mwaka jana hapo mjini kwako ulimpa nani? Wengi wananyamaza hapo, maana hawakuitoa kabisa.

Usitume pesa kwenye namba inayozunguka tu WhatsApp. Pitia taasisi unayoijua na udai risiti. Au waulize Wasudani walio karibu nawe, wanafunzi na wafanyabiashara. Wao wanajua jiko gani bado linapika.