Jenereta zinaficha taa zilizokufa

TUSEMEZANE | Na Rehema Shekalaghe

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi nao ukaingia gizani, kwa sababu jenereta iliyotegemewa iligoma kuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliwaomba radhi wananchi. Mjadala uliofuata ulikuwa wa jenereta, nami naona hapo ndipo tunapokosea hata huku Dar es Salaam. Mwulize mwenye ghorofa la Kariakoo au Posta kuhusu taa za dharura kwenye ngazi zake, atakujibu: jenereta ipo.

Jenereta haiwezi kushika nafasi ya taa hizo. Inasubiri umeme wa jengo zima ukatike ndipo iwake. Moto ukianzia kwenye nyaya za ghorofa ya nne, unaweza kuangusha breka ya ghorofa hiyo peke yake. Umeme wa TANESCO bado unaingia jengoni, jenereta haina sababu ya kuwaka, na watu wanashuka ngazi bila kuona wanapokanyaga. Zimamoto wakifika, watahakikisha umeme umekatwa, uwe wa TANESCO au wa jenereta. Hapo mwanga unaobaki ni wa betri iliyomo ndani ya taa yenyewe.

Kibaya zaidi, jenereta inatuzuia kujua kama betri hiyo ni nzima. Umeme ukikatika, baada ya sekunde chache jenereta inanguruma na taa za kawaida zinarudi. Nani amepata nafasi ya kuona kwamba ile ya dharura haikuwaka? Miaka inapita, taa iko ukutani, imeandikwa TOKA kwa rangi ya kijani, na ndani yake betri ilishakufa.

Hitilafu za taa hizi si fumbo. Fundi akizifuata kwa mpangilio, nyingi atazibaini bila kubahatisha.

Aanze na kitaa kidogo kinachoonyesha chaji. Kikiwa kimezimika, mara nyingi umeme haufiki: breka imeanguka, waya umechomoka, au kuna mtu anayezima saketi hiyo kila jioni ili kuokoa uniti za LUKU. Lipo pia kosa la ufungaji ambalo watu hulisifia bila kujua. Ukizima swichi ya ukumbi jioni, taa ya dharura inawaka, na mlinzi anafurahi kwamba inafanya kazi. Kumbe imeungwa kwenye waya unaopita kwenye swichi, badala ya waya wenye umeme muda wote. Kila usiku betri inamalizwa, na baada ya muda haitashika chaji tena.

Kitaa kikiwaka lakini ukibonyeza kitufe cha majaribio taa isiwake, fungua ndani. Taa nyingi husafirishwa zikiwa na betri isiyounganishwa, na zipo zilizofungwa darini bila mtu kukumbuka kuchomeka waya wake. Kama imeunganishwa, ipime. Betri ya nikeli-kadimiamu yenye seli 3 inatakiwa kuwa na takribani volti 3.6, na ipimwe wakati inawasha taa. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka mara tu inapopewa kazi. Volti zikisimama na taa bado haiwaki, tatizo liko kwenye balbu au bodi.

Hitilafu inayotudanganya kuliko zote ni ya taa inayowaka vizuri, kisha ikazimika baada ya dakika chache. Mkaguzi akibonyeza kitufe kwa sekunde mbili na kuandika "nzima", ameandika jambo asilolijua. Betri hizi kwa kawaida hutarajiwa kudumu kama miaka 4, na joto hupunguza umri huo. Zetu zinakaa chini ya mabati na juu ya dari zisizopitisha hewa, katika jiji la joto. Tena umeme wetu ukikatika mara kwa mara, betri inamalizwa kabla haijajaa, wakati nyingi zinahitaji saa 24 kujaa. Kwa hiyo tarehe ya kufunga betri iandikwe kwenye betri yenyewe, ili asiwepo wa kukisia umri wake.

Betri mpya nayo ikifa mapema, usinunue ya tatu. Pima bodi ya kuchajia, maana umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuiunguza. Na betri ibadilishwe kwa aina ileile. Kuweka ya lithiamu kwenye chaja ya nikeli-kadimiamu ni kutafuta moto ndani ya kifaa cha kutuokoa na moto. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni, baada ya kukata umeme wa saketi husika.

Jaribio la kweli ni moja: zima breka ya taa za ngazi, ghorofa kwa ghorofa, kisha subiri. Usizime swichi kuu, maana jenereta itawaka na kuharibu jaribio. Kiwango cha Uingereza, BS 5266, kinataka jaribio fupi kila mwezi na la muda kamili kila mwaka, ambao kwa kawaida ni saa 3. Kile cha Marekani, NFPA 101, kinataka sekunde 30 kila mwezi na dakika 90 kila mwaka. Jaribio refu lifanywe jengo likiwa tupu, na taa zijaribiwe kwa kupishana, kwa sababu zikishamaliza chaji zitahitaji muda kuirudisha.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007, lina mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti. Nawaomba wakuu wake waagize jambo moja: cheti kisitolewe kwa jengo la ghorofa mpaka mkaguzi azime breka ya ngazi mbele ya msimamizi na kuona taa zinadumu. Na rekodi ya majaribio ibandikwe mlangoni, ikiwa na tarehe, dakika taa zilizodumu na sahihi ya fundi.

Wapangaji nao wasikae kimya, maana wao ndio watakaokuwa kwenye ngazi hizo. Wiki hii mwulizeni msimamizi: taa za dharura zilijaribiwa lini, na zilidumu kwa muda gani? Akijibu kwamba jenereta ipo, andikeni barua ya pamoja kwa mwenye jengo, na nakala yake ipelekwe kituo cha Zimamoto cha wilaya yenu.