Mbio zipimwe, zisikisiwe

Kila shule inapochagua wakimbiaji wa mashindano, huwa naona jambo lile lile. Mwalimu anasimama kando ya uwanja, anaangalia kwa macho, kisha anataja majina. Mara nyingi ni ya watoto anaowafahamu. Mtoto aliyerudi juzi kutoka Tanzania, ambaye Kifaransa chake ni cha kuokoteza, hubaki kushangilia wenzake. Mimi nilisoma Ulyankulu, Tabora, nikarudi mwaka 2009. Najua kukaa nyuma ya darasa kulivyo.

Wapo watakaosema hatuna vifaa. Si kweli. Simu ya tochi, hiyo hiyo mfanyabiashara wa Gatumba anayopigia wateja wake wa Uvira, nyingi zina saa ya kupimia muda. Njia ya mita 100 inapimwa kwa baiskeli: weka alama ya chaki kwenye tairi, pima mzunguko mmoja kwa futi ya fundi cherehani. Yangu ni mita 2.2, hivyo mizunguko 45 ni mita 99. Naongeza mita moja.

Mwenye simu akae mwisho wa njia na abonyeze anapoona kitambaa kikishushwa, asingoje filimbi. Sauti huchukua karibu theluthi ya sekunde kufika mita 100, na hapo mtoto amepewa muda usio wake. Wakiwa watatu wenye simu, chukueni jibu la katikati. (Simu zenye setilaiti ni nzuri kwa safari ndefu, kwa mita 100 zinaweza kukosea mita kadhaa.)

Kisha gawanya 360 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 20 ni kilomita 18 kwa saa. Mama mwenye mzigo akitumia sekunde 90, anakwenda kilomita 4 kwa saa, na anaweza kujua mapema kama atawahi mpaka kabla haujafungwa.

Mwaka 1996 kule Atlanta, Vénuste Niyongabo alishinda mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hiyo ni wastani wa sekunde 15.8 kwa kila mita 100, mara hamsini mfululizo. Wanafunzi wangu wakubwa wanaifikia mara moja, wanacheka, wanaanguka majanini.

Ninachowaomba wakuu wa shule ni kidogo: muda wa kila mtoto uandikwe ubaoni kabla jina lolote halijatajwa. Anayebisha aje na simu yake. Baiskeli nitaleta mimi.