Daftari la Wiki: Pole na Kazi kwa Kituruki

Vijana wa mtaani kwetu Arua wanajifunza Kituruki kwa simu, na sababu haijifichi. Tarehe 14 Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, ijenge reli ya kisasa kati ya Malaba na Kampala, kilomita 272, kwa euro bilioni 2.7. Kampuni hiyohiyo imeshiriki kujenga reli ya Tanzania, ambayo tangu mwaka huohuo inawapeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme. Huku kwetu reli ilifika Pakwach mwaka 1964 ikakoma hapo. Kijana wa Arua au Koboko anayeitaka kazi ya reli anajua ataifuata mbali, na huko atakutana na wasimamizi wasiojua Kilugbara wala Kikakwa, na pengine hata Kiswahili.

* * *

Wakiniuliza waanze na neno gani, nawaambia waziache kwanza namba na majina ya vifaa. Waanze na *kolay gelsin*. Mturuki akimpita mtu aliye kazini, awe anapiga lipu, anafagia barabara au ameketi nyuma ya dirisha la benki, hampiti kimya. Humtakia kazi imjie kwa wepesi. Mwenye kazi hujibu *sağ ol*. Ile *ğ* haisikiki, huivuta *a* tu. Fundi huitwa *usta*, na huitwa hivyo kwa heshima hata na mtu asiyemjua. Kaka mkubwa ni *abi*, dada mkubwa ni *abla*, na kazini watu wasio na undugu wowote huitana hivyo, kama tufanyavyo sisi.

Basi *kolay gelsin, usta* ni pole na kazi, fundi. Mganda naye ana *gyebale ko* yake, na ukiisahau Kampala utaonekana hukulelewa. Kiingereza tulichofundishwa shuleni hakikutupa salamu ya namna hii. Ninaamini hasara yake inaonekana katika ofisi zetu zinazoendeshwa kwa Kiingereza: mfagiaji anainama mlangoni na wakubwa wanampita hawana la kumwambia.

La pili ni *eline sağlık*, afya iwe mkononi mwako. Huambiwa aliyepika, aliyeshona, aliyetengeneza kitu kikatengenezeka. Mama anayesonga ugali wa enyasa sokoni, moshi machoni na mwiko mzito mkononi, anastahili kuambiwa hivyo kila mchana, kwa lugha yoyote.

* * *

Wapo wanaosema Kituruki ni kigeni mno kwetu. Historia ya mkoa wetu wa West Nile haikubaliani nao. Mwaka 1878 Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, ambaye alikuwa ametumika katika dola ya Waosmani na kukijua Kituruki, alifanywa gavana wa Equatoria chini ya Misri. Miongoni mwa ngome zake zilikuwamo Dufile na Wadelai, hapahapa kwenye mto wetu wa Nile. Jeshi la Misri la wakati ule lilikuwa na vyeo vya Kituruki, na askari wake, wengi wao watu wa Sudan, ndio mababu wa Wanubi wengi wa Uganda. Emin akaondoka na msafiri Stanley mwaka 1889. Askari waliobaki nyuma, Mwingereza Lugard aliwafuata mwaka 1891 akawaingiza katika kazi ya Waingereza, nao wakaja na vyeo vyao: *onbaşı*, mkubwa wa watu kumi, *çavuş*, sajini, *binbaşı*, mkubwa wa watu elfu. Kiswahili kikawa na ombasha, shaushi na bimbashi. Wajerumani nao waliwaandikisha Wasudani mjini Cairo mwaka 1889 kwa jeshi lao la Afrika Mashariki, na maneno yaleyale yakafika Tanganyika kwa njia ya bahari.

*Efendi* ndiyo iliyodumu kuliko zote. Idi Amin, anayehesabiwa kuwa mwana wa Koboko, alipewa cheo cha efendi katika King's African Rifles mwaka 1959, na kwa wakati ule Mwafrika hakuweza kupanda zaidi ya hapo katika jeshi hilo. Leo tunasema afande kwenye kila kizuizi cha barabara, kutoka mpaka wa Oraba hadi Mtwara.

Yatazame maneno hayo yote kwa pamoja. Ni ya anayeamrisha. Yapo majina ya mkubwa wa kumi na mkubwa wa elfu, lakini la kumpa pole aliyebeba magunia ya ngome halimo. Kituruki tulichorithi ni cha kambini, na hawa vijana wanaojifunza salamu za kazi wanatafuta nusu ambayo haikuletwa. Ndiyo maana siwachukulii kama wanaocheza na simu.

* * *

Methali. *Damlaya damlaya göl olur*: tone kwa tone huwa ziwa, nasi tuna haba na haba. *Emek olmadan yemek olmaz*: bila kutaabika hakuna kula, na vina vyake vinaifanya iwe rahisi kukariri. Lakini iliyonikaa ni *taşıma suyla değirmen dönmez*: kinu kinachoendeshwa na maji hakizunguki kwa maji ya kubebwa.

Mchomeleaji wa Arua anaielewa hiyo bila mkalimani. Kwa miaka mingi mkoa wetu haukuunganishwa na gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta na, tangu mwaka 2012, kwa kituo kidogo cha Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 kwa mkoa mzima. Umeme ukikatika fundi alinunua mafuta, akamaliza dirisha moja, na faida ikawa imeishia kwenye tangi. Mtu huyo hakuwa mvivu. Methali nyingi za kazi, zetu na zao, humsema mtu mmoja ajitahidi zaidi. Hii inauliza mto uko wapi, na swali hilo linawahusu wanaopanga bajeti.

* * *

Pato halali Waturuki huliita *alın teri*, jasho la paji la uso. Waislamu wa Yumbe kwetu na wa Konya kule Uturuki wanaijua hadithi ileile ya Mtume inayoagiza kibarua alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Msimamizi anayeitikia salamu zako kwa uchangamfu na bado anakucheleweshea malipo hajakuheshimu.

Kwa hiyo, ninyi mnaojiandaa kwenda kutafuta kazi upande wa Malaba: mkishaziweza salamu, jifunzeni *maaş*, yaani mshahara, *fazla mesai*, saa za ziada, na *sözleşme*, mkataba. Ombeni mkataba ulioandikwa kwa lugha mnayoisoma, mwonyesheni mtu mnayemwamini kabla ya kutia saini, na nakala moja iacheni nyumbani.