Muchele wa kwetu: nguvu iko ku ngozi

Huku Mudzipela, ku meza za wamama, muchele ni wa aina mbili. Mmoja ni mweupe sana, umetoka ngambo na kupitia Uganda. Mwingine ni wa kahawia kidogo, na punje zingine nyekundu: huo ni wa Mambasa ao Irumu. Baba akitoka karyeri na njaa, akikuta huo wa pili ndani ya sahani, analalamika: « Mama, mbona muchele muchafu? »

Rangi ile si uchafu. Chini ya ganda la mupunga kuko ngozi nyembamba, na pembeni ya punje kiko kiini. Ndimo munalala vitamini B1 na chuma nyingi. Katikati munabaki zaidi wanga, unaoshibisha. Gramu 100 za muchele wenye ngozi ziko na karibu miligramu 0,4 za vitamini B1. Ukiufanya mweupe kabisa, haibaki hata 0,1.

Mambo haya yanajulikana tangu zamani. Miaka ya 1890, kule Java, munganga Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa muchele mweupe wanalegea miguu. Walipopewa muchele wenye ngozi, wakapona. Mwaka 1929 akapewa zawadi ya Nobel. Kwa watu ugonjwa huo unaitwa beriberi: miguu inakufa ganzi, ao inavimba, na moyo unachoka. Mutu anayeshinda ndani ya maji na beleshi, ku Mongbwalu ao ku Nizi, anahitaji miguu yake. Ikianza kuvimba, aende ku kituo cha afya, asingoje.

Lakini tusidanganyane. Muchele wa Mambasa ukipitishwa ku mashini mara mbili, tatu, unakuwa sawa na ule wa ngambo. Basi wamama, mwambieni mwenye mashini apitishe mara moja tu. Ulowekeni usiku, hautakula makala mingi. Musiuoshe mara tano, na maji ya kupikia musiyamwage. Nunueni kidogo kidogo, juu mafuta ya ngozi yanaharibika haraka. Tena muchele peke yake haujengi mwili: maharagi na sombe vikuwe pembeni.

Kuko jambo lingine. Mulimaji wa Irumu ao Mambasa amekimbia vita mara ngapi, akaacha mupunga shambani? Akifaulu kufikisha gunia lake Bunia, na sisi tunalikataa juu ya rangi tu, mwaka kesho hatalima. Ataingia naye ndani ya shimo kutafuta dhahabu, na mbegu za wazee zitapotea. Siku ile barabara itafungwa, tutakula nini?

Kwa hiyo, ukifika sokoni usiulize bei tu. Uliza pia: huu ulipita ku mashini mara ngapi?