Muhula Umekwisha Bungoma: Binti Arudi au Abaki?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, wiki hii twapenda kuzungumza na wazazi ambao watoto wao wanasoma vyuo vikuu vya bara, hasa upande wa Bungoma na Kitale. Muhula ukikaribia kumalizika, baba na mama huulizana usiku swali moja: mtoto arudi nyumbani, au abaki huko kwa ajili ya atachimenti?

Tulio wengi hapa pwani tulikua tukijua kuwa chuo ni mahali pa kusoma Qur'ani, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni petu. Siku hizi KUCCPS, bodi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi, yaweza kumpeleka binti wa Likoni au wa Faza hadi Chuo Kikuu cha Kibabii, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Mama hubaki akihesabu wiki za muhula kama ahesabuvyo siku za safari ya Hija. Zikitimia, amtaka mwanawe nyumbani. Hatumlaumu.

Swali huwa zito zaidi binti akiwa anasoma elimu ambayo majirani hawaielewi. Anayesomea udaktari au ualimu haulizwi atafanya kazi gani. Anayesoma elimu ya jamii, ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii huulizwa kila harusi, kila matanga: hiyo nayo ni kazi gani? Na kwa kuwa jibu halijulikani, atachimenti yake huonekana ni jambo la kuahirishwa.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Ibn Khaldun aliandika Muqaddima yake mwaka 1377 akieleza kwa nini tawala huinuka na kuanguka, na ni kitu gani huwafunga watu pamoja. Hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti lake mwaka 1932 na kuliita Al-Islah, yaani kutengeneza hali za watu. Mwanafunzi wa mabadiliko ya jamii anasoma islah kwa vipimo vya leo: nani anakosa maji, nani aliacha shule, na ni sheria ipi iliyopitishwa ikabaki kwenye karatasi.

Basi elimu ya namna hiyo haikamiliki darasani. Atachimenti ni sehemu ya masomo yenyewe. Mwanafunzi hukaa wiki kadhaa katika ofisi au shirika, huandika kila siku alichokifanya katika daftari maalumu, mhadhiri huja kumkagua, kisha huandika ripoti inayotolewa alama. Binti akirudishwa nyumbani bila mpango, hakuna alichookoa. Sharti litamngoja mwaka unaofuata, na huenda likamcheleweshea mahafali wakati wenzake wametoka.

Tena eneo lile ni kitabu kilichofunguliwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale. Mwaka 1948 huko Malakisi polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, harakati ya Elijah Masinde, na watu 11 wakauawa. Mji wa Webuye ulilelewa na kiwanda cha karatasi. Kilipofungwa mwaka 2009, wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha waliyumba pamoja na wafanyakazi. Katika Mlima Elgon, baina ya mwaka 2006 na 2008, mgogoro wa ardhi uligeuka kuwa vita na familia nyingi zikapoteza waume na watoto. Na katika mwaka huo wa 2006, hapo Bungoma, lilianza shirika la One Acre Fund, linalowakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea katika vikundi. Msomi wa jamii akikosa la kujifunza hapo, hatalipata kwingine.

Kwa hivyo rai yetu ni hii: binti aliyepata nafasi ya halali, kwa masharti tutakayoyataja, aachwe abaki. Na asiyeweza kubaki, atachimenti imfuate nyumbani. Tueleze yote mawili.

Kwanza, kabla malango ya chuo hayajafungwa. Mwanafunzi asipande basi mpaka awe na barua ya chuo ya kumtambulisha, daftari la atachimenti, uthibitisho wa bima inayomkinga mwanafunzi akiwa kazini, na jina la mhadhiri atakayemkagua. Kuna wanafunzi wanaofika nyumbani mikono mitupu, kisha hutumia nauli nyingine kurudi kufuata karatasi moja. Pia aangalie alama zake. Ikiwa mtihani wowote haujaandikwa matokeo, aulize idara angali hapo, kwani alama iliyopotea hutafutwa kwa shida likizo ikishaanza.

Pili, asidhani nafasi ziko kwenye mashirika makubwa pekee. Ofisi za kaunti zinazoshughulikia vijana, jinsia na huduma za jamii, ofisi za watoto, hospitali zenye maafisa wa ustawi wa jamii, shule za watoto wenye ulemavu na vyama vya ushirika, zote ni mahali pa kubisha hodi. Aandike barua fupi inayosema anachoweza kufanya: kuandika kumbukumbu za mkutano, kutafsiri Kiswahili na Kiingereza, kupanga takwimu kwenye kompyuta. Ofisi yenye kazi nyingi humpokea upesi anayejua atasaidia nini.

Tatu, autumie msimu. Wanafunzi walio likizoni baina ya Mei na Juni wana bahati. Kwa sheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili na huidhinishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 chaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mikutano hiyo haina kiingilio. Binti akae nyuma na daftari lake, ahesabu wanawake wangapi wamesimama kusema na ni lipi kati ya waliyoyasema liliingia katika bajeti. Hiyo pekee ni ripoti nzuri. Akihitaji waraka wa serikali na ofisi ikasita, Sheria ya Upataji Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi yatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Nne, kuna hazina za kusoma ambazo hazitaki pesa nyingi. Sheria za nchi, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Ripoti za sensa hupatikana kwa shirika la takwimu la taifa, KNBS. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, ina habari za Mlima Elgon. Kumbukumbu za Kitaifa zina tawi Kakamega, si mbali na Bungoma. Na Makumbusho ya Kitale, yaliyoanza na mkusanyo wa Kanali Stoneham katika miaka ya 1920, yanaonyesha nyumba na vyombo vya makabila ya eneo lile. Msichana wa pwani anayetaka kuwafahamu wenyeji wake aanzie hapo kabla ya kuanza kuwauliza maswali.

Tano, fedha. Anayebaki atalipa chumba, chakula na nauli, na atachimenti nyingi hazilipi kitu. Familia zitafute basari za kaunti na za NG-CDF ya eneo bunge lao mapema, kwa kuwa basari hairudishwi. Tangu mpango mpya wa mwaka 2023, msaada wa serikali kwa mwanafunzi wa chuo kikuu una sehemu mbili: ufadhili usiorejeshwa, na mkopo wa HELB unaorejeshwa. Mkopo huo hutozwa nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo ndipo wazazi wengi huja kutuuliza habari za riba. Jibu la kila nyumba hutegemea hali yake, kwa hivyo kila mzazi amwendee mwanachuoni anayemwamini, amweleze mahitaji yake bila kuficha, kabla ya kuweka sahihi. Kinachotusikitisha ni kuona binti anafikia mkopo kabla jamaa zake hawajaulizwa. Fukara na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika mafungu manane ya zaka, na mwanafunzi asiye na nauli huenda yumo humo humo, naye ni jirani yetu.

Aliyekwisha kuhitimu naye asikae. Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, hutangaza nafasi za mafunzo kazini za mwaka mmoja kwa waliomaliza shahada. Maombi hayatozwi ada, na yeyote anayedai pesa ili aingize jina ni tapeli.

Tumesema kuna masharti. Binti akibaki Bungoma au Kitale, wazazi wajue analala wapi, na nani, na nani mwenye ufunguo. Apange chumba pamoja na wasichana wenzake wenye tabia njema, karibu na kazi. Asafiri mchana, akifuatana na mwenzake. Miji yote miwili ina misikiti na ina mama zetu Waislamu waliozaliwa huko; mzazi aombe kuunganishwa nao kupitia imamu, ili binti awe na mlango wa kubisha siku akiugua. Na ofisini, ajue tangu siku ya kwanza ni nani wa kupelekewa malalamiko. Mkubwa wa kazi akimsumbua, asinyamaze kwa kuogopa alama. Apige simu nyumbani na chuoni siku hiyo hiyo. Nanyi wazazi, akipiga simu hiyo, msianze kwa kumuuliza alivaa nini. Mkianza hivyo, hatapiga tena.

Wapo wanaohofu kuwa mtoto atafanya kazi na wasiokuwa Waislamu. Tuwakumbushe habari ya Hilf al-Fudul. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Makka, pale watu wa koo mbalimbali walipoapa kumsaidia aliyedhulumiwa, baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kunyimwa bei ya mali yake. Hata baada ya Uislamu alikisifu kiapo kile na kusema kuwa lau angeitwa tena kwa jambo mfano wake, angeitika. Mjane wa Kimilili anayedai shamba la mumewe ni dhulumu ya aina ile ile, awe wa dini yoyote.

Jambo moja twamwambia mwanafunzi mwenyewe. Mwanangu, maneno ya watu ni amana. Ukimhoji mama aliyempoteza mumewe mlimani, umechukua kitu chake. Omba ruhusa, usiandike jina lake alikokataa, wala usimpige picha yatima ili uipambe ripoti. Utafiti rasmi una kibali chake kutoka NACOSTI, na idara yako itakuelekeza. Lakini kibali cha serikali hakiondoi haki ya mwenye maneno. Ukimaliza, rudi umsomee ulichoandika. Watu wa kule wamekwisha kuhojiwa mara nyingi na wageni wasiorudi.

Na yule asiyeweza kubaki, kwa maradhi ya mama au kwa ukosefu wa pesa, aiombe idara yake ruhusa ya kufanya atachimenti katika kaunti ya nyumbani, nayo aiombe kabla muhula haujaisha. Huku kwetu pia kuna ofisi za watoto, vituo vya kuwarejesha vijana walioathirika na dawa za kulevya, vikundi vya akina mama vya akiba, na bajeti zinazojadiliwa ukumbini bila mtu wa kuziandika. Kamati za misikiti na madrasa zetu zingempokea mmoja au wawili, zikawapa kazi ya kweli: kuhesabu watoto wa mtaa wasiokwenda shule, na sababu zao. Tungepata kwa bure orodha ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Qur'ani yatufundisha katika Suratur-Ra'd, aya ya 11, kwamba hali za watu hazigeuki mpaka wao wenyewe wageuze yaliyomo ndani yao. Kugeuza yaliyomo ndani ya nyumba zetu kwaweza kuanza na simu moja jioni ya leo. Mpigie binti yako, umuulize anasoma nini hasa, anahitaji karatasi gani, na nauli imebaki ngapi. Umsikilize mpaka amalize, ndipo mwamue pamoja arudi au abaki.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa wazazi wa kutegemewa. Wabillahi tawfiq.